Chuma cha Kulala na Supu ya Kuku

Kila jioni, Jumwa akishatoka shule na kujaza mtungi wa mama yake, alikimbia hadi uwanja ulio nyuma ya nyumba za reli, hapo Changamwe, kumtazama kaka yake Randu akiinua chuma. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Koplo Musyoka alirudi kutoka Burma na goti lenye kovu na elimu ya kuinua vyuma, aliyofunzwa na askari wenzake kambini. Vijana wa mtaa waliposikia habari hizo, hawakumpa nafasi ya kupumzika.

Vyuma vyenyewe usidhani vilitoka dukani. Ulikuwa mtaimbo mrefu uliovikwa magurudumu ya toroli bovu, huku na huku. Kulikuwa na chuma cha kusimama: unauokota mtaimbo chini, unaupandisha mabegani, kisha unaunyanyua juu ya kichwa mpaka mikono inyooke. Na kulikuwa na chuma cha kulala: unalala chali juu ya benchi, unausukuma mtaimbo kutoka kifuani kwenda juu. Jumatatu ya Pasaka vijana wa Changamwe wangeshindana na wenzao wa Likoni, na shindano lilikuwa la kusimama tu. Randu, mchukuzi wa magunia bandarini, ndiye aliyekuwa tegemeo la Changamwe.

Lakini Randu alikuwa amekipenda chuma cha kulala kupita kiasi. Kilimtunisha kifua, na kifua kilichotuna watu hukiona. Akajitengenezea benchi lake nyuma ya jiko la mama yao, taruma bovu, gogo la kulazia reli, juu ya mawe, na mtaimbo mwingine uliotundikwa madebe ya mchanga. Kila alfajiri kabla ya kazi alikuwa pale, anasukuma na kuhema.

Koplo alikuwa amekwisha kumwonya mbele ya wote. "Chuma cha kulala si kibaya," alisema. "Kinampa mtu kifua na nguvu ya kusukuma. Lakini sisi tunashindana kwa kusimama. Huko nguvu inaanzia miguuni, inapita mgongoni, na ikifika juu inataka mabega laini. Ukikaza kifua kila siku, mabega yanafunga. Mara moja kwa wiki yatosha. Na sasa mpaka Pasaka, kisiguswe kabisa."

Kisha akamgeukia msichana. "Jumwa."

"Abee, Koplo."

"Mimi ni mlinzi wa maghala, siwezi kumfuata kaka yako hadi kwenu. Wewe utakuwa jicho langu. Kila nikikuuliza, uniambie kama amelala benchini."

Jumwa alifurahi kupewa kazi ya watu wazima. Lakini siku ya pili, Koplo alipouliza, "Jee, jana alilala?" ulimi wake ulijibu upesi kuliko akili: "La, Koplo. Hakulala."

Tusimwonee Randu peke yake. Jumwa naye alikuwa na fungu lake katika kifua kile. Kule bombani, wasichana walimwita dada wa Randu, wakampisha atangulie kuteka maji huku wengine wakingoja na madebe yao juani. Nani asiyependa kupishwa? Basi akadanganya siku hiyo, akadanganya na ya baadaye, na kila uongo ulitoka mwepesi kuliko ule wa kwanza.

Haukupita muda, chuma cha kusimama kikaanza kumshinda Randu. Mtaimbo ulifika mabegani vizuri, lakini kwenda juu ulikwama, na mkono wa kulia ulikataa kunyooka. Koplo akakuna kichwa. Akamtazama Jumwa, akauliza tena lile swali lake, akapata jibu lile lile.

"Basi ni njaa," akasema. "Magunia ya bandarini yanamla huyu, na chakula hakimtoshi."

Kesho yake Pascalia, mke wa Koplo, alifika kwa akina Jumwa na chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Ilikuwa supu ya kuku. "Koplo amesema Randu anywe apate nguvu," akasema. "Na wewe Jumwa, mle pamoja. Koplo anakusifu sana."

Jumwa alikunywa bakuli zima. Hakujua ni kuku gani mpaka alipopita kwa Pascalia kurudisha chungu. Chini ya dirisha kulikuwa na manyoya mekundu, na kando yake kofia kuukuu ya jeshi, tupu. Alimjua kuku huyo. Alikuwa mtetea pekee wa Koplo, na alizoea kutagia ndani ya kofia ile mpaka watu wakafanya mzaha kwamba naye ameandikwa jeshini. Jumwa aliweka chungu mlangoni bila kubisha hodi, akaondoka.

"Kaka, tumwambie," alisema jioni ile. "Amemchinja kuku wake kwa ajili ya uongo wangu."

Randu alikuwa akijisugua bega. "Ukisema nitatolewa. Unataka Likoni wanicheke? Nyamaza tu. Pasaka ikipita, yamekwisha."

Akanyamaza. Lakini kunyamaza hakukuwa rahisi tena. Bombani walipompisha, alirudi nyuma ya foleni mwenyewe, na wenzake wakamwuliza kama anaumwa. Jumapili ya Matawi, kanisani, kila mtu alipunga tawi lake, na yeye alilishika la kwake mkononi likining'inia. Kutoka nje, Pascalia akamshika bega na kumwuliza kama supu ilikuwa na chumvi ya kutosha. Jumwa aliona haya, akajipenyeza katikati ya watu akaenda zake.

Zoezi la mwisho lilifanyika Alhamisi. Koplo aliwaambia vijana, "Mwongezeeni gurudumu. Amepumzika, amekula. Jumwa ameniambia mwenyewe."

Randu aliupandisha mtaimbo mabegani. Akavuta pumzi, akasukuma. Mkono wa kushoto ulikwenda, wa kulia ukabaki, na mtaimbo mzima ukayumba juu ya paji la uso wake. Aliruka nyuma, chuma kikaanguka mbele ya vidole vya miguu yake.

"Ni woga tu," akasema Koplo. "Tena."

Randu akainama. Jumwa aliuona mkono wa kulia wa kaka yake ukishindwa hata kukikamata chuma sawasawa, na akajua kwamba mara hii hataweza kuruka. Akaingia katikati ya uwanja, akasimama juu ya mtaimbo.

"Asiinue, Koplo. Nimekudanganya. Alilala benchini kila siku, na mimi nilikuwa namwona."

Koplo hakumgombeza wala hakumtaja kuku, na Jumwa angeona afadhali agombezwe. Akaenda akalibonyeza bega la Randu, na Randu akajikunja kwa maumivu.

"Jumatatu atainua Ngala," Koplo akamwambia Randu, akimwonyesha kwa kidole mmoja wa vijana. "Wewe utapanga magurudumu."

Ngala alijitahidi, lakini Changamwe ilishindwa. Vijana wa Likoni waliondoka kuelekea kivukoni wakiimba. Randu hakusema na dada yake wiki nzima. Koplo alimpa Randu kazi mpya: kuning'inia kwenye boriti, kuzungusha fimbo nyuma ya mgongo, kuchuchumaa na kuinuka. Polepole bega likafunguka. Na kila jioni Koplo alipita mbele ya Jumwa bila kumwuliza lolote. Hilo lilimuuma zaidi ya yote.

Hatimaye Jumwa akamchukua tembe wake wa madoadoa, aliyepewa na bibi yake huko Rabai, akampeleka kwa Koplo. "Shikamoo, Koplo. Huyu ni badala ya yule mwekundu."

"Marahaba." Koplo alimpokea yule kuku, akamkalisha magotini. "Nitamchukua, kwa sababu umemleta kwa moyo. Sasa nisikilize. Benchi halina kosa. Kitu chema kikizidi hudhuru, na Randu amejifunza hilo kwa bega lake. Bega hupona. Lakini wewe nilikukabidhi macho yangu, ukayafumba. Nikamchinjia kuku mtu asiye na njaa, nikamwongezea chuma mtu mwenye maumivu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulichelewa, mwanangu, lakini ulisema kabla chuma hakijamwangukia. Hilo silisahau."

Jumwa alilia hapo, na Koplo akamwacha alie.

Jioni moja baada ya mvua za masika, Randu aliinua uzito ule ule uliokuwa umemshinda, mikono ikanyooka yote miwili. Vijana wakapiga makofi. Koplo hakupiga. Alikuwa amemgeukia msichana aliyekaa juu ya jiwe kando ya uwanja.

"Jumwa," akasema. "Jee, jana alilala?"

Jumwa alisimama. "Alilala, Koplo. Jana ilikuwa siku yake moja ya wiki. Akataka kulala na leo asubuhi, nikamwaga mchanga wa madebe."