Mwana wa Nyumba ya Kipkosgei

Maiti ya Mwalimu Wachira ilikutwa kwenye mtaro kati ya mashamba mawili ya chai, nje kidogo ya soko la Sigowet. Waliomwona kwanza ni wachuma chai. Mmoja aliangusha kikapu, mwingine akapiga nduru iliyofika barabarani, na kabla polisi hawajawasili nusu ya soko ilikuwa imesimama pale ikitoa maoni.

Inspekta Gesare aliwafukuza wote. Alikuwa mzaliwa wa Kisii, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja mkutano, na hakuwa na subira na watu wanaotazama maiti kana kwamba ni sinema.

"Joram, weka utepe. Anayevuka, mfunge."

"Sawa, Madam," alijibu Konstebo Joram.

Mwalimu alikuwa amepigwa mara moja kisogoni kwa kitu kizito. Kichwa kilikuwa kimepasuka, lakini mtaroni hapakuwa na damu.

"Hakuuawa hapa," Gesare alisema. "Ameletwa."

"Pochi iko mfukoni, Madam. Hata simu."

"Basi si wezi. Mwizi gani wa siku hizi anaacha simu?"

Alipiga magoti, akafungua vifungo vya koti la marehemu. Kati ya koti na shati palikuwa na majani machache ya chai yaliyonyauka. Hayakuwa ya kijani kama chai yote iliyowazunguka. Yalikuwa ya zambarau, ile mbegu mpya ambayo wakulima wachache tu wamethubutu kuipanda. Gesare aliyatia kwenye mfuko wa ushahidi.

Waceke, mke wa marehemu, walimkuta kwao mjini Kericho akiwa ameshalia hadi machozi yamekauka. Mumewe alikuwa amefundisha historia maisha yake yote. Wastaafu wengine hufuga kuku. Wachira alifuga marehemu wa watu. Familia ikimwita, alipekua sajili za ubatizo parokiani, akatafuta vyeti vya vifo kwa msajili, kisha akachora ukoo mzima kwenye karatasi kubwa ya manila.

"Safari hii alikuwa anachora ukoo wa nani?" Gesare aliuliza.

"Wa mzee fulani marehemu, Kipkosgei, huko Sigowet. Mtoto wa ndugu yake, Kiptanui, ndiye alimwita. Jumamosi wangekutana wote awasomee."

"Hiyo karatasi iko wapi?"

"Alitoka nayo jana kwa begi."

Begi halikuwa mtaroni. Lakini mwalimu alikuwa na desturi ya kupiga picha kila alichokiandika, na Waceke alijua namba ya siri ya simu yake. Picha ilionekana wazi. Juu kabisa lilikuwa jina la Kipkosgei, aliyefariki mwaka wa 1961. Chini yake walikuwa wake wawili, Taprandich na Cherotich, na chini ya Cherotich alikuwa mwana mmoja, Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1974. Mstari wa kumuunganisha Robert na baba yake uliishia njiani. Hapo palikuwa na alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu.

Joram alipiga mluzi. "Madam, huyu mzee alizaa akiwa kaburini?"

Gesare hakucheka. Jambo fulani lilimpitia akilini, lakini hakutaka kulisema kabla ya kuwaona wenyewe.

Walianza na Kiptanui, mwenye bucha kubwa sokoni, aliyewapokea kwa tabasamu la mtu anayegombea kiti.

"Ni wewe ulimwita mwalimu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka watoto wetu wajue walikotoka."

"Usinizungushe. Shamba la Kipkosgei bado liko kwa jina la marehemu. Robert akitolewa, linaenda kwa nani?"

Tabasamu lilififia. "Kwangu."

"Na mwalimu alikuwa amekuambia juu ya hii alama ya kuuliza?"

"Alinipigia jana asubuhi. Nilifurahi, siwezi kuficha. Sasa mimi ningemuua wa nini? Yeye ndiye angeniongelea Jumamosi!"

Hilo lilikuwa kweli, na Gesare aliliona. Kiptanui alihitaji mwalimu aseme. Muuaji alihitaji anyamaze.

"Nani mwingine alijua?"

Kiptanui alijikuna shingo. "Nilimpigia Robert. Nilimwambia aanze kufunga vitu vyake."

Gesare alitamani kumtia pingu kwa kosa la kuwa na roho mbaya tu, ila sheria haina kifungu hicho. Alimgeuzia mgongo, akatoka.

Boma la Robert lilikuwa kwenye mteremko. Gari lilipokata kona ya mwisho, Joram alimgusa Gesare mkono. Chai yote iliyozunguka boma lile ilikuwa ya zambarau.

Robert, mwanamume wa miaka hamsini, alikuwa ameketi mlangoni. Mama yake, Cherotich, alikuwa ndani akiwasha moto.

"Chamgei, mzee," Gesare alisalimu kwa lugha ya wenyeji.

"Chamgei mising, Madam. Karibuni."

"Hii chai ni yako?"

"Ni yangu. Huku kwetu hakuna mwingine amepanda hii." Alilisema kwa fahari, kisha macho yake yakayumba.

"Mwalimu Wachira alikuja hapa jana?"

"Huyo mtu mimi simjui."

Gesare alitoa ule mfuko wa ushahidi. "Haya majani tumeyatoa ndani ya koti lake."

"Majani hupeperushwa na upepo."

"Upepo unafungua vifungo vya koti? Na ile wilbaro ya kubebea mbolea pale ukutani, mbona imeoshwa kama sahani?"

Joram alikuwa nyuma ya boma akichakura majivu kando ya lundo la matawi ya chai yaliyopogolewa. Alirudi ameshika begi lililoungua nusu. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya manila.

"Mama asiambiwe hapa," Robert alisema polepole. "Tafadhali."

Lakini kituoni, alipoonywa kwamba halazimiki kusema lolote na kuulizwa angetaka nani awe karibu naye akitoa maelezo, hakumtaka mkewe wala vijana wake. Akasema aitwe mama yake. Mama alipofika, inspekta mwingine asiyehusika na uchunguzi ndiye aliyeandika maelezo. Gesare aliketi pembeni.

"Alinikuta nikipogoa chai," Robert alisema. "Akatandaza hiyo karatasi juu ya chai. Nikaona jina langu limekaa peke yake kama kitu kimetupwa. Nilimwomba afute hiyo alama. Akasema hawezi, tarehe ni tarehe. Halafu akasema, 'Nipeleke kwa mama yako.' Nikajua anaenda kumwaibisha, amuulize alinizaa na nani. Alipogeuka kwenda nyumbani, nikampiga na mpini wa jembe."

"Ulimbeba na wilbaro?" inspekta aliuliza.

"Ndiyo. Nikamfunika na matawi ya chai. Sikuona majani yakiingia kwa koti."

"Uliogopa shamba kuchukuliwa?"

"Shamba?" Robert alitikisa kichwa. "Tangu nipashwe tohara mimi ni arap Kosgei, mwana wa Kipkosgei. Nimeoa kwa hilo jina. Vijana wangu wanaitwa hivyo. Nikinyang'anywa, mimi ni mtu wa wapi? Nitazikwa wapi?"

Cherotich alikuwa amemkazia macho mwanawe.

"Nani alikuambia wewe si wa Kipkosgei?"

"Mama, alikufa ukiwa mtoto mdogo."

"Ni kweli. Mimi huyo mzee sikumwona hata siku moja." Robert aliinua kichwa, mama yake akaendelea. "Aliyenioa ni Taprandich, mke wake. Alibaki mjane bila mwana, na nyumba ya bwana yake ilikuwa inazimika. Akaleta ng'ombe kwetu. Wazee wakakula, wakatubariki, yeye na mimi. Nikaletwa nizalie ile nyumba. Mtoto wangu ni wa Kipkosgei, awe alikufa lini. Wazee wawili wa hiyo siku bado wako hai. Kiptanui angekutoa na nini?"

Hilo ndilo jambo lililompitia Gesare akilini alipoziona zile tarehe. Hata kwao Kisii wanawake wajane wameoa hivyo, na mahakama zimekubali. Mwalimu alizisoma karatasi vizuri. Karatasi hazikuandika ng'ombe wa Taprandich.

"Kitanda hakizai haramu, mzee," alisema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza siku ile, ilikuwa ndogo. Moyo ulimuuma.

"Mbona hukuniambia?" Robert alimuuliza mama yake.

"Tuliokoka. Mhubiri akasema ndoa kama hiyo ni dhambi, nikaona haya. Nikasema utajua Kipkosgei ni baba yako, na hiyo inatosha." Alishika ukingo wa meza. "Huyo mwalimu alikuwa anakuja kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kuniuliza mimi?"

"Ndiyo."

"Si ungemwacha afike, mwanangu. Ningemwambia."

Robert alilaza kichwa mezani, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.