Ndege ya Dawa Iliyogeuka Njiani

Jumamosi hiyo Linet aliamka akiwa bado amechoka. Alichota maji, akafua sare yake ya shule, akamnawisha mdogo wake uso huku mtoto akipiga mayowe, kisha akapika uji na kuutia kwenye chupa ya chai. Uji ulikuwa wa mama. Mama yake, Filister, alikuwa amekesha tena zahanati, na kukesha kwenyewe sasa kulikuwa jambo la kawaida, hata majirani walikuwa wameacha kumpa pole.

Zahanati hiyo iko nje kidogo ya Magunga, upande wa mbuga ya Ruma. Muuguzi mkuu alikuwa likizoni, na aliyepaswa kushika nafasi yake alikuwa bado yuko njiani, njia ambayo haikuwa na mwisho. Kwa hiyo Filister ndiye aliyefunga vidonda, aliyezalisha, aliyefagia, na ndiye aliyepokea ndege ya dawa.

Ndege ya dawa ndilo jina ambalo watoto waliipa droni. Mvua ikinyesha, barabara ya kwenda Homa Bay hugeuka matope matupu, na magari hunasa humo kama nzi kwenye asali. Droni haijali matope. Inaruka kutoka kituo chake mjini Homa Bay ikiwa na sanduku la dawa tumboni, bila rubani, ikiongozwa kwa mtandao wa simu. Kule kituoni kuna mtu anayeitazama kwenye kioo safari nzima. Ikikaribia, mpokeaji huiambia la kufanya kwa programu iliyo kwenye simu ya zahanati, yenye vitufe vitatu tu: Teremka, Subiri na Rudi. Lakini kabla ya kukuonyesha vitufe hivyo, simu inataka neno la siri.

Linet alilijua neno hilo. Hakuliiba. Siku moja mama alikuwa ameshika mtoto mchanga, glavu zimejaa damu, na droni ilikuwa tayari inanguruma juu ya paa.

"Linet, nishikie hiyo simu," mama alisema kwa sauti ya mtu aliyelala akiwa wima. "Andika NyarKanyamwa, halafu bonyeza Teremka. Haraka, nyathina, mwanangu."

Linet hakushangaa hata kidogo. Nyar Kanyamwa, yaani binti wa Kanyamwa, lilikuwa jina la sifa la mama yake. Kwenye harusi, muziki ukifika mahali pa pakruok, pale ambapo mtu huusimamisha ili ajisifu na kuusifu ukoo wake, Filister alikuwa wa kwanza kuinuka. "An nyar Kanyamwa!" alipaza sauti mpaka mbuzi wakatawanyika. Watoto wa chekechea walimwita hivyo njiani. Wauza samaki walimwita hivyo sokoni. Kulifanya jina hilo kuwa neno la siri ni sawa na kufunga mlango na kuuacha ufunguo kwenye kitasa. Lakini mtu aliyechoka huchukua neno lililo karibu na ulimi, na Filister alikuwa amechoka kwa muda mrefu.

Basi Jumatano ya wiki hiyo, baada ya masomo, Linet alimwambia rafiki yake Dorine kwamba yeye anaweza kuiteremsha ndege ya dawa.

"Wacha uongo," Dorine alicheka. "Wewe hata baiskeli inakushinda!"

Maneno hayo yalimchoma Linet. Wakaichukua simu ya mamake Dorine, wakaiwekea ile programu, na Linet akaandika jina la sifa la mama yake. Kioo kikafunguka. Picha ndogo ya droni ikaonekana imetulia kituoni Homa Bay.

"Haki ya Mungu!" Dorine alishika mdomo. "Kumbe ni kweli!"

Linet alijisikia mkubwa. Alikusudia kutoka kwenye programu ile na kuifuta, lakini alipoitwa nyumbani kumshika mdogo wake, alikimbia na kusahau. Hivyo ndivyo simu ya mamake Dorine ilivyobaki na mlango wazi.

Sasa Jumamosi, Linet alipofika zahanati na chupa yake ya uji, alikuta watu mlangoni. Baba Bravin, jirani yao, alikuwa ameketi sakafuni amempakata mwanawe wa miaka sita. Bravin aliumwa na nyoka aina ya moma alipokuwa akifukuza ndama kwenye nyasi. Mguu wake ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi imekaza na kung'aa. Nyanya yake, ambaye wote walimwita Dani, alikuwa pembeni akirudia jina lake kwa sauti ya chini.

"Uji weka hapo," mama alisema bila kugeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dawa ya sumu ya nyoka sina hata chupa moja. Nimepiga simu Homa Bay na ndege imeshatoka. Kaa na Dani, umshike mkono."

Linet akamshika Dani mkono. Ulikuwa wa baridi. Wote wakatega masikio.

Baada ya muda mlio ukasikika, kisha nukta nyeusi ikatokea juu ya kilima. Baba Bravin akainuka na mtoto wake kifuani. Filister akaandika neno lake, akabonyeza Teremka.

Droni ikaja, ikasimama hewani kidogo, kisha ikageuka na kurudi ilikotoka.

"Inaenda wapi?" Baba Bravin aliuliza. "Sista, inaenda wapi?"

Filister alibonyeza tena. Simu ikamwandikia kwamba kuna amri mbili zinazopingana. Kabla hajapata la kusema, ikalia. Alikuwa Pauline, dada anayeongoza droni kule kituoni, na Filister aliweka spika kwa sababu mkono wa pili ulikuwa kwenye mshipa wa mtoto.

"Sista Filister, mbona unairudisha?"

"Mimi? Mimi naiita iteremke!"

"Hapa naona simu mbili zimeingia kwa jina lako. Moja inasema Teremka, nyingine inasema Rudi. Hiyo nyingine ni ya nani?"

"Sijui. Kweli sijui."

"Basi kuna mtu amekuingilia. Anaweza kuwa mwizi, anataka tuishushe porini achukue dawa. Sheria yetu ni moja, sista. Kama sijui ni nani anatoa amri, naifunga akaunti na ndege inarudi nyumbani. Tutabadilisha betri tuanze upya."

"Na huyu mtoto?"

"Pole sana. Naomba uniambie hiyo simu ni ya nani. Nikijua, naweza kuigeuza sasa hivi."

Filister aliketi kwenye benchi taratibu. Hakupiga kelele wala hakulia. Alikuwa amebakiwa na nguvu kidogo sana, naye alizitumia kuushikilia mkono wa Bravin.

Linet peke yake ndiye aliyejua. Akisema, Baba Bravin atasikia, Pauline atasikia, na mama atafukuzwa kazi, kazi ile ile inayowalipia karo na unga. Akinyamaza, hakuna atakayejua, watasema ni mwizi tu. Kisha Bravin akalia, kilio kidogo cha mtoto asiye na nguvu ya kulia zaidi, na Linet akaona aibu kwamba bado alikuwa anafikiria.

"Mama, ni mimi," alisema. "Hiyo simu ni ya mamake Dorine. Niliingia Jumatano nikimwonyesha Dorine. Nikasahau kutoka."

Mama alimtazama kwa macho yaliyochoka kiasi kwamba Linet alitamani achapwe.

"Nani huyo anaongea?" Pauline aliuliza.

"Naitwa Linet. Mimi ni mtoto wake."

"Namba ya hiyo simu unaijua?"

Linet aliitaja.

"Ndiyo yenyewe," Pauline alisema upesi. "Nimeshaitoa. Sista, andika neno jipya sasa hivi. Usilitamke. Mtu yeyote asilione."

Filister aliinua simu, akatazama watu waliomzunguka. Linet ndiye aliyegeuka kwanza, akatazama ukuta. Baba Bravin akageuka na mtoto wake. Dani naye, ambaye hakuelewa habari za simu wala mtandao, akajifunika uso kwa leso. Chumbani kukasikika vidole vya Filister tu vikigonga kioo.

Muda mfupi baadaye mlio ulirudi. Mara hii droni ilisimama juu ya ua wa zahanati, ikashuka kidogo na kuliachia sanduku, nalo likatua kwenye nyasi. Linet alikimbia kulileta.

Filister alikuwa ameanza kumdunga Bravin dawa wakati Dorine alipotokea mlangoni akihema, simu ya mama yake mkononi. Watoto walikuwa uwanjani wakicheza kandanda, wakaomba kuiona ndege kwa karibu, naye akabonyeza Rudi ili ipite tena juu yao; simu ilipomfungia nje, akaogopa na kukimbia kuja. "Sikujua kuna mtu mgonjwa," alisema, akaangua kilio. Linet akatoka nje kukaa naye, kwa sababu kosa halikuwa la Dorine peke yake.

Barabara ilipopitika, gari lilimpeleka Bravin hospitali Homa Bay. Jumatatu Filister naye aliitwa huko, kituoni kwa akina Pauline, akaeleze yaliyotokea. Linet alishinda siku nzima darasani bila kusikia neno la mwalimu.

Alipofika nyumbani alimkuta mama ameketi mlangoni, viatu vimejaa matope kando yake.

"Wamekufukuza?" Linet aliuliza.

"Hapana. Wamenipa onyo. Kuanzia leo simu itataka neno na kidole changu pia." Mama akanyoosha miguu. "Nilipita wodini. Uvimbe wa Bravin umeshuka, ameniomba mandazi. Keti hapa."

Linet akaketi.

"Sikiliza, nyathina. Mimi ndiye nilianza. Nilichukua jina ambalo kila mtu analijua nikalifanya ufunguo, halafu nikakupa wewe kwa sababu nilikuwa nimechoka. Uchovu ni kweli, lakini ufunguo wa dawa za watu si wangu wa kugawa. Wewe ulikosea ulipouonyesha ili usifiwe. Lakini ungenyamaza Jumamosi, ndege ingerudi Homa Bay, na leo tungekuwa tunaongea mengine. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ulipogeukia ukuta, hapo ndipo nilikusamehe."

Mama aliendelea kusema jambo fulani kuhusu kwenda kumwomba mamake Dorine msamaha kwa kuitumia simu yake, lakini sentensi ilimfia mdomoni. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mwimo wa mlango, simu ya zahanati mapajani ikiwaka na kungoja neno lake jipya.

Linet hakuiangalia. Aliigeuza kioo kikatazama chini, akamfunika mama yake leso, kisha akaenda kuwasha moto wa uji.