Waya wa Bangili za Noela

Kila asubuhi kabla ya shule, Fidelia alikwenda mtoni kuteka maji, akipita chini ya nguzo za umeme za misheni. Mwaka ule wa 1956, vijiji vyote vya jirani vilitumia vibatari. Misheni ilikuwa na mtambo uliozungushwa na maji ya mto, na waya wake ulipanda mlima hadi hospitali, kisha hadi nyumba za wauguzi na walimu.

Asubuhi hiyo njia haikupitika. Dhoruba ya usiku ilikuwa imeangusha miti ya miwati juu ya nguzo, na waya wa shaba ulikuwa umelala kwenye matope ukimeremeta. Fidelia alisimama, akautazama. Dada yake Noela alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na bibi harusi wa kwao akikosa bangili za waya mkononi, husemwa na mji mzima. Akakimbia nyumbani kuchukua panga. Aliukata waya juu ya jiwe, vipande vya kuzunguka mkono, akavificha ghalani chini ya mahindi.

Haikupita muda, Fundi Anania, msimamizi wa mtambo, akafika na wenzake wenye mashoka na misumeno. Fidelia alimwamkia kwa adabu.

"Kamwene, mwanangu. Mtambo niliuzima tangu usiku, ila waya siuoni. Wewe umeuona?"

"Sijauona, fundi."

"Basi umefukiwa na miti. Jamani, kateni! Hospitali kwanza, nyumba baadaye."

Wakakata miti kutwa nzima, mvua ikiwanyeshea. Fidelia alipotoka shule aliwakuta bado wameinama wakichimbua matope, wakitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Loo, aibu iliyoje! Akageuza uso, akakaa kando ya njia.

Jua lilipokaribia kuzama, watu walipita na machela. Aliyelala juu yake alikuwa Shangazi Paskalina, dada wa baba yake. Alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana, na mtoto amekwama. Fidelia aliwafuata mpaka hospitali, na Anania naye akafuata. Sista daktari akatoka mlangoni.

"Fundi, lazima nimpasue, na chumba ni giza. Karabai siwezi kuiwasha humo, dawa ya usingizi inashika moto. Umeme uko wapi?"

Fidelia akaangua kilio. "Waya ninao mimi! Niliukata!" Akakimbia, akarudi na kikapu.

Anania aliingiza mkono kikapuni, akatoa vipande vilivyojaa kiganja. "Mungu wangu! Hivi haviungiki tena. Ungeniambia asubuhi, ningeushusha waya wa nyumba zetu nikaupeleka hospitali. Saa hizi taa ingekuwa inawaka!" Akawageukia wenzake. "Pandeni nguzo za nyumba! Teremsheni wote!"

Walifanya kazi mikono ikivuja damu. Giza lilikuwa limeshaingia taa ya chumba cha upasuaji ilipowaka. Shangazi alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa.

Baada ya siku chache lori lilileta waya mpya kutoka Makambako, na nyumba nazo zikapata taa. Watu walipiga vigelegele. Fidelia hakuthubutu kutoka nje. Noela alizikataa bangili, akasema hatavaa shaba ile hata akisemwa na nchi nzima.

Kesho yake, shangazi akiwa bado amelazwa, Fidelia alipeleka uji wodini. Khanga ya shangazi ilikuwa imelowa maziwa, na hakuwa na mtoto wa kunyonyesha.

"Shangazi, nisamehe."

"Kaa hapa, Fidelia. Ulisema ukweli uliponiona mimi kwenye machela?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na kama angekuwa mwanamke usiyemjua?"

Fidelia akainamisha kichwa. Wote wawili walijua kwamba waya ungebaki ghalani.

"Nimekusamehe," shangazi alisema, machozi yakimtoka. "Lakini lishike hili mpaka uzeeke. Ukiulizwa, sema kweli papo hapo. Usingoje kwanza kumjua anayeumia. Kila anayebebwa kwenye machela ni shangazi wa mtu."