Shamba na Bantu Bake

Jua lilikuwa linazama Mama Edith alipotoka kuanua nguo zake, na hapo ndipo alipomwona mtu amesimama katikati ya mahindi.

Ulikuwa mwaka ule watu wa Kasai, kama Mama Edith, walipofukuzwa Katanga. Nyumba zilichomwa, maduka yakaporwa, na kwenye stesheni ya Lubumbashi watu walilala juu ya mizigo wakingoja treni. Binti yake, Benita, alikuwa huko tayari, ameshika nafasi. Mama Edith, mjane mwenye mvi kichwa kizima, alibaki Annexe, pembezoni mwa mji, akitafuta wa kumuuzia shamba. Alilifyeka yeye na mumewe Léonard. Benita alizaliwa humo. Léonard alizikwa humo, nyuma ya jiko. Lakini kila mnunuzi aliyekuja alicheka tu. Kwa nini anunue leo kitu ambacho kesho atakikuta hakina mwenyewe?

Mtu yule akasogea. Suti nyeusi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, matope yalifika vifundoni, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Jambo, mama. Banasema unauzisha."

"Njo vile, baba. Karibu mu nyumba."

"Hapa iko muzuri."

Alinuka udongo... udongo uliochimbwa sasa hivi. Hakuuliza mipaka wala kisima.

"Nitakupa bunga ya kujaza motokari," akasema. Siku zile pesa zilikuwa makaratasi tu. Unga ndio ulikuwa mali. "Na ile motokari itakufikisha mupaka ku gare, ku treni. Hakuna muntu atakugusa."

Mama Edith alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Kintu kimoya tu," mtu yule akanong'ona. "Nanunua na bantu bake bote?"

Mama Edith aliwafikiria vibarua. Walikuwa wamekimbia zamani.

"Bantu habaiko tena, baba."

"Na kama biko?"

"Kama biko, beba bote."

"Sema yote, mama."

"Shamba... na bantu bake bote."

Akampa mkono. Ulikuwa baridi kama tumbo la samaki. Mama Edith aliinamisha kichwa kushukuru, na alipokiinua, mtu hakuwepo. Mahindi hayakutikisika.

Alipokuwa akikunja nguo ndani, akasikia.

Ko... ko... ko...

Majembe. Mengi, yakilima pamoja. Akachungulia dirishani. Shambani hapakuwa na mtu. Sauti ikazunguka nyumba polepole, ikafika nyuma ya jiko.

Ikanyamaza.

Asubuhi alikuta magunia ya unga yamepangwa mlangoni, motokari bado haijafika. Akaenda nyuma ya jiko kutazama. Kaburi la Léonard halikuchimbwa. Lilikuwa limebonyea tu, kama kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi.

Alimwita jirani yake Musonda, mwanamke wa hapo hapo, aliyemficha chini ya kitanda chake siku vijana walipopita na mapanga. Musonda akaona, akafunika mdomo.

"Mama Edith, muntu gani alikuya hapa? Ulimwambia nini?"

Akamweleza.

"Kuko bantu benye kulimisha bafu, bale balikufa," Musonda akasema kwa sauti ya chini. "Lakini habawezi kubabeba bure. Lazima mwenyewe aitike na kinywa yake."

"Nitamurudishia bunga yake!"

"Utamurudishia wapi? Jina yake njo nani?"

Hakulijua.

Mama Edith akapiga magoti kwenye kaburi lililobonyea. "Léonard, sikukuuza," akasema. "Nilidanganywa. Léonard, unanisikia?" Akaweka kiganja kwenye udongo. Ulikuwa na joto.

Motokari haikungojwa. Musonda alimfunga kitenge chake, akamtwisha kikapu cha sombe, majani ya muhogo, wakapita njia za vichochoro hadi stesheni kama wanawake wawili waendao sokoni. Hakuna gunia lililoguswa. Treni ilipoondoka, Mama Edith alilia na kuamini kwamba jambo limeishia pale.

Yeye na Benita wakafika Mwene-Ditu, huko Kasai, wakapata chumba kwa ndugu. Lakini kila jua lilipozama, usingizi ulimwangusha Mama Edith kama aliyepigwa, na asubuhi aliamka mgongo ukimuuma, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Ndugu walisema ni uzee, ni uchungu wa safari.

Asubuhi moja Benita alimletea maji ya kunawa. Akageuza mikono ya mama yake.

Malengelenge. Mengine mabichi, mengine yamepasuka. Na chini ya kucha, udongo mwekundu.

"Mama... uko unalima wapi?"

Mama Edith aliitazama mikono yake. Midomo ikacheza, ikirudia maneno yale, neno kwa neno, mpaka ikafika mwisho.

"Bote," akanong'ona. "Nilisema bote. Na miye nilikuwa muntu wa pale."

Akainua macho amtazame binti yake. Alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, mikono yake mwenyewe ameificha mgongoni, viganja amevikunja.