Makofi Mawili Ghalani

Haya yalimfika rafiki yangu seremala, mtu asiyejua kutunga uongo hata wa kujiokoa. Shangazi yake alimtuma akapime mlango wa ghala la nyumba ya ukoo, maana mchwa walikuwa wameumaliza. Ulikuwa mchana kweupe, ila ghala lile halina dirisha.

"Usiogope, mwanangu," shangazi alimtania. "Humo walilala watumwa wa babu yetu. Wakiswali naye safu moja! Hakuwapigia kelele hata siku moja. Akipiga makofi mawili tu, wanakuja."

Seremala akacheka. Hata yeye alizoea kujigamba vijiweni kwamba kwao watumwa waliishi kama ndugu.

Akaingia, akaurudisha mlango ili aupime, giza likamfunika. Akapapasa mbao. Kwa ndani hapakuwa na kitasa wala komeo. Komeo, nene kama mkono, lilikuwa nje tu. Hapo uso ukamwaka kwa aibu. Akakung'uta vumbi mikononi: pa, pa.

Nyuma yake sauti ikaitika, ya bibi kizee, mtu wa kuamkiwa shikamoo.

"Labeka, bwana."

Angeweza kukimbia. Angeweza kumwomba radhi. Mpaka leo akisimulia na kufika hapa huinamisha kichwa, kwa sababu ulimi wake ulimtangulia, mwepesi, kama uliozoea:

"Lete taa."

Nyayo zikajikokota sakafuni, pole pole, zikimjia. Kisha, karibu na bega lake, taa ikawaka.