Maharage Sabini na Mawili

Siku ya treni, stesheni ya Mpanda haimjui mkubwa wala mdogo. Wasukuma na fimbo zao, wakulima wa Mpimbwe na magunia ya mchele, masista, askari, kuku waliofungwa miguu, wote wanautaka mlango mmoja. Theopista alikuwa amekwenda kupokea nyuzi zake za cherehani kutoka Tabora. Alivaa kitenge cha kahawia na kilemba cheupe. Nguo nyeusi za msiba alikwisha kuzivua, lakini rangi nyingine zilikuwa bado hazijamkubali.

Mwanamume mmoja akashuka, sanduku lake likagonga chuma, likafumuka. Karatasi zikaruka kama njiwa. Theopista akakanyaga moja isipeperuke.

"Dada, samahani, umenikanyagia watu wangu."

"Watu gani? Mimi naona namba tupu."

"Hizo namba ndio watu. Hapa wanaokufa na miaka ishirini, hapa thelathini, mpaka chini kabisa."

Mwanamke mwingine angetema mate chini, akaondoka. Theopista aliinama akaisoma.

"Na mimi nimo?"

"Umo. Mstari wa thelathini na tatu."

"Nani kakwambia umri wangu?"

"Macho. Macho ya karani wa bima hayadanganywi."

"Basi leo yamedanganywa. Nina thelathini na sita. Na hiyo suruali yako ya bugaluu, kaka, imefagia stesheni nzima. Mkuu wa stesheni akulipe mshahara."

Mwanamume akacheka meno yote nje. Aliitwa Gaudensi, hajaoa, katumwa na ofisi yake ya Tabora kukaa Mpanda miezi mitatu. Theopista alijiangalia kama anavyoangaliwa mtu mwingine: kumbe ametania. Alikuwa hajatania tangu amzike mumewe, Melkior.

Tangu Februari ya mwaka sabini na tatu, moyo wake ulikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Ukiugusa unajua umegusa, basi. Melkior alizikwa kwa mkeka. Chama cha Kuzikana cha Nsemulwa kilikuwa na nyumba sitini, kila nyumba shilingi mbili kwa mwezi, na msiba ukitokea chama kinatoa mia na hamsini za sanda, mbao za jeneza na chakula cha waombolezaji. Lakini kila Krismasi kilichobaki kiligawanywa chote, watu wakanunua nguo za sikukuu. Mwaka ule mtu mmoja alikufa Januari, akalimaliza kopo la fedha za chama. Melkior alipofuata, kopo lilikuwa tupu. Theopista hakulia. Aliomba apewe yeye kulishika, akapewa.

Ndiyo maana siku ya tatu alimwita Gaudensi nyumbani, akamwekea mbele daftari la misiba ya miaka sita.

"Niambie tubakize shilingi ngapi ili tusizike mtu kwa mkeka tena."

Gaudensi alifungua daftari taratibu. "Miaka sita ni miezi sabini na miwili. Una maharage?"

Akahesabu maharage sabini na mawili. Meupe ni miezi isiyokuwa na msiba, ya madoadoa ni miezi ya msiba mmoja, mekundu ni miezi ya misiba miwili au zaidi. Akayatia kwenye chungu. Theopista anafumba macho, anavuta moja, Gaudensi anaandika, harage linarudi, chungu kinatikiswa. Mavuto kumi na mawili, mwaka mmoja umepita. Jumamosi nne mchana, mlango wazi kwa ajili ya heshima, waliishi miaka mia pamoja juu ya jamvi moja.

"Jekundu tena! Theo, mkono wako mzito, umetuua."

"Mkono wangu una makosa gani? Chungu ni chako wewe."

"Chungu ni chako. Mimi nimeleta kalamu tu, mpenzi."

Neno hilo lilipita. Ila harage lililofuata Theopista alichelewa kulivuta.

Hesabu ilipokwisha, Gaudensi alizungumza kwa upole. "Mkigawa lote Krismasi, miaka sitini na mmoja kati ya mia kuna maiti inayokosa sanda. Mkiweka mpaka wa mia sita, mkagawa kile kinachozidi tu, ni miaka mitatu."

"Tusigawe kabisa basi."

"Hapana. Watu wasipoona gawio watajitoa, na chama kitakufa kifo kingine. Kinachozidi wape. Kilicho chini usiguse."

Lakini Imakulata, mwenyekiti wa chama, alikuwa amepita Jumamosi moja kuleta shilingi zake mbili. Akaona chungu, akaona maharage, akasikia mwanamume anasema, "Wawili wamekufa." Hakubisha hodi. Alirudi zake. Juma lililofuata mjomba wake, mzee Anselmo, akafa kwa homa.

Jumapili baada ya misa alimsimamisha Theopista mbele ya kanisa, watu wamejaa.

"Theopista, maharage ya nyumbani kwako ni ya mboga au ya ramli?"

Theopista aliliona kopo likiondoka mikononi mwake.

"Ni ya yule," alisema. "Mimi nilikuwa napepeta mchele."

Gaudensi alikuwa hatua tatu nyuma yake, kofia mkononi. Akaivaa, akaondoka. Jumatano treni ilipopiga honi kumrudisha Gaudensi Tabora, Theopista alikuwa anashona kola. Sindano ikamwingia kidoleni. Aliona damu, akangoja maumivu. Hayakuja. Akaendelea kushona.

Alikwenda kitubio. Padre akampa rozari tatu, akamwambia sala hizo ni za Mungu, yule aliyemsingizia ana haki yake kando.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Ijumaa, aliingia posta akaomba simu ya Tabora. Foleni ilikuwa ndefu, na Imakulata alikuwamo, anangoja barua ya mwanawe.

"Gaudensi? Ni Theopista."

"Nani?"

"Ongea kwa nguvu, mama," karani wa posta alisema. "Laini mbovu."

"THEOPISTA!"

Foleni yote ikageuka.

"Nasikia kidogo. Unasemaje?"

"Nilidanganya! Pale kanisani!"

"Rudia!"

"NILIDANGANYA! MAHARAGE NILIVUTA MIMI! HAIKUWA RAMLI, ILIKUWA HESABU YA CHAMA!"

Laini ikakwaruza. Kisha sauti yake ikaja safi, kama yuko chumba cha pili.

"Kwa nini, Theo? Uliniogopa?"

"Niliogopa kunyang'anywa kopo. Nikaona afadhali nikukose wewe."

"Na sasa?"

"Sasa ninalo. Nakaa nalo. Haliongei."

Karani akainua kidole. "Dakika tatu zimekwisha, mama. Unaongeza?"

Theopista alifungua fundo la kanga yake. Hamna kitu. Alipoinua uso, Imakulata alikuwa mbele yake.

"Kumbe ulikuwa unavuta wewe."

"Mimi."

"Kopo utalileta kwangu kesho."

"Nitalileta. Ila usiligawe lote Krismasi, mia sita zibaki. Miaka sitini na mmoja kati ya mia maiti inakosa sanda, mama. Nimeihesabu kwa mkono huu."

Imakulata akamkumbuka Anselmo. Mjomba wake alilala kwenye jeneza la mbao safi, na waombolezaji walikula siku tatu.

"Anselmo angekufa Januari..."

"Angezikwa kama Melkior."

Imakulata alitazama chini, akavuta pua. Halafu akaweka noti ya shilingi tano juu ya meza ya posta.

"Karani, mwongezee dakika. Na wewe, hiyo mia sita uje unieleze vizuri, mimi si mwepesi wa hesabu. Lakini kopo nalitaka vilevile."

"Utalipata, mama."

Karani akaunganisha.

"Theo? Bado upo? Nikuulize. Nikija, nije kwa lipi? Bima au wewe?"

Foleni ilikuwa imesahau barua zake. Mzee mmoja alikuwa ameshavua kofia ili asikie vizuri.

"Mjomba wangu yuko Kasansa," Theopista alisema. "Utatafuta mshenga."

"Mshenga Mpanda nitampata wapi? Simjui mtu!"

"Mwambie yupo!" Imakulata alipaza sauti kutoka nyuma. "Tena kwa huyu mwongo wetu, mahari asitegemee kupunguziwa!"

Posta nzima ikacheka. Gaudensi naye alikuwa anacheka huko Tabora, meno yote, ilisikika. Theopista hakucheka. Alikibana chombo cha simu sikioni kwa mikono miwili mpaka sikio likauma.

"Theo, sijasikia jibu lako mwenyewe."

"Njoo na treni ya Jumanne," alisema, safari hii bila kupiga kelele. "Mengine nitakwambia ukifika. Hapa watu wengi."