Paka Mwekundu Aliyehamishwa

Kitendawili. Nimewasikia mkiitikia, basi nawatega: nyumba yangu haina mlango, watoto wamejaa ndani, na mwenye nyumba yuko barazani anauza kufuli. Fikirini kidogo. Msinipe mji, miji yenu sina pa kuiweka, jibu nawapa bure. Ni mchezo wa kwenye simu, ule watoto wanaoucheza mpaka chakula kinapoa. Na mwenye nyumba ni bwana mmoja aliyependwa na mwanamke mzuri bila kustahili hata robo yake.

Alikuwa na kampuni ghorofa ya tano, vioo pande zote, na viti vya kubembea ambavyo sijaona mtu mzima akavikalia akabaki na heshima. Mchezo wake uliitwa Mji wa Paka. Mtoto anapewa paka, anamjengea nyumba, anamvisha kofia, kisha anaongea kwa maandishi na wenye paka wengine. Watoto walipojaa na wazazi wakaanza kuulizauliza, bwana akaona biashara ya pili. Akatengeneza programu ya kuwalinda watoto mtandaoni, akaiita Ngao. Mkono huu anawaita watoto, mkono ule anawauzia wazazi woga wao wenyewe. Magazeti yakamwita Bwana Ngao, naye akaanza kutembea kifua mbele kama aliyezaliwa na jina hilo.

Siku ya kukutana na huyo mwanamke, Bwana Ngao alikuwa kwenye foleni ya fundi simu katika jengo la maduka, Jumamosi mchana, watu wamebanana mpaka kwenye ngazi. Suti ya bluu, viatu vyeupe, soksi hana, vifundo vya miguu viko nje kama aliyekimbia nyumba inayoungua. Simu yake ilikuwa imefungwa na Ngao yenyewe. Aliiweka ili kuwaonyesha wateja, akakaa kumvisha paka kofia kupita muda, programu ikamhesabu mtoto, ikamfungia. Sasa ilidai neno la siri la mzazi, na alikuwa amelisahau.

Nyuma yake alisimama mwalimu wa darasa la tatu, gauni la maua madogo ya zambarau, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkononi simu iliyopasuka kioo. Alimsikia fundi akieleza tatizo, akacheka waziwazi.

"Samahani kaka," akasema. "Mzazi wako yuko wapi tumpigie?"

"Hii programu nimeitengeneza mimi."

"Basi hongera. Imemkamata mtoto."

Foleni nzima iliangua kicheko. Bwana Ngao, ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyemcheka usoni, akajikuta anacheka pia, na hapo ndipo kitu kilipomshika. Walikaa kwenye kibanda cha juisi mpaka simu zao zikawa tayari. Alimweleza kazi yake kwa maneno marefu. Mwalimu akamjibu kwa mafupi. Alimwambia kwamba mtoto akiogopa haandiki kuwa anaogopa, huandika anataka kwenda nyumbani, na huku yuko nyumbani. Mwenye kampuni ya kulinda watoto hakuwa amewahi kulisikia hilo. Jiulizeni alikuwa anawalinda na nini.

Akamwajiri. Kwenye Mji wa Paka, juu ya kila mazungumzo, palikuwa na paka mdogo mwekundu. Mtoto akisumbuliwa na mtu anambonyeza, anaandika neno moja au mawili, malalamiko yanakuja ofisini. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuyasoma, kuwafungia nje wabaya, na kuwapigia wazazi. Mwanzoni alikuja jioni baada ya vipindi, baadaye akaacha shule kabisa. Malalamiko yalikuwa mia nne kwa siku, naye aliyasoma yote, miwani puani, penseli nywelani.

Na mapenzi yakakua humo humo. Simu hazikukauka.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umekunywa maji, au umekunywa sifa tu leo?"

"Nimekukosa."

"Niko chumba cha pili, mpenzi. Piga hatua kumi na nne."

Na bwana alizipiga, kila siku, akitabasamu kama aliyeokota kitu barabarani. Hata shangazi yake Mwalimu, aliyekaa naye nyumba moja na ambaye hakuwa mwepesi wa kusifia wanaume, alikiri kwamba huyu ana adabu mezani.

Kisha ukaja umoja wa shule mia mbili. Walitaka kuuweka Mji wa Paka katika madarasa yao yote, kwa sharti moja: malalamiko yashuke chini ya thelathini kwa siku. Ndivyo wakubwa wanavyopima usalama wa watoto, kwa kuhesabu vilio. Asiyelia amesalimika.

Mwezi ule malalamiko yakashuka. Mia nne yakawa mia, mia ikawa ishirini. Mwalimu akakaa siku nne mezani karibu bila cha kusoma. Bwana Ngao akambusu kwenye paji la uso, akamwambia apumzike, kazi yake imezaa matunda. Mwalimu, masikini, akaamini. Akashona gauni la kijani kwa ajili ya hafla ambapo mpenzi wake angepewa tuzo ya Mlezi wa Mwaka.

Ukumbi ulikuwa na mazulia mekundu, na watu waliopiga makofi kabla ya kusikia. Bwana Ngao alipanda jukwaani na viatu vyake vyeupe, akatangaza kwamba watoto sasa wako salama kwa asilimia tisini na tano zaidi, akafuta jicho lililokuwa kavu. Chini, kwenye safu ya tatu, simu ya Mwalimu ilitetemeka. Lalamiko moja limeingia. Akalisoma palepale.

"Namtafuta paka mwekundu tangu juma tatu yuko wapi. Kuna mtu anaitwa kaka Mpole ananiuliza mama anatoka saa ngapi nimemwambia saa mbili. Nataka kwenda nyumbani."

Mwalimu alitoka na gauni lake la kijani, akasimama koridoni, akampigia mama wa mtoto. Alimpata akiwa kazini. Mama alikimbia. Mtoto alikuwa salama, mlango umefungwa kwa ndani. Asubuhi ile mtu asiyejulikana alikuwa ameugonga mara mbili akaondoka. Kisha Mwalimu akaufungua mchezo kama mtoto angeufungua, akamtafuta paka. Hayupo. Ilibidi aingie kwenye mipangilio, kisha msaada, kisha maoni mengineyo, kisha aandike anwani ya barua pepe ya mzazi. Mtoto wa miaka tisa.

Bwana Ngao alipotoka na tuzo yake ya kioo, pembeni yake akiwa mshauri wa habari katika gauni la manjano lililombana kama ganda, Mwalimu alimwonyesha simu.

"Nani kamhamisha paka?"

Akasema ni watu wa ubunifu, waliona skrini imejaa mno, mambo haya ni ya kitaalamu.

"Ulijua, au hukujua?"

Akasema wazungumze kesho, mpenzi, wapiga picha wanamsubiri. Mwalimu akaondoka kwa miguu.

Sasa sikieni upumbavu wa mwanamume mwenye shahada mbili. Alikaa, akawaza, akaamua kwamba Mwalimu kakasirishwa na gauni la manjano. Akapiga simu mara kumi na saba kwa siku kueleza kwamba yule ni mshauri tu na ana mume. Akaleta maua. Shangazi akayapokea, akayatia kwenye ndoo ya kudekia. Akaleta mengine, na kadi ya kuapa kwamba hajawahi kumshika yule dada hata mkono. Wiki mbili nzima aliomba msamaha wa kosa ambalo hakulifanya, kwa bidii ambayo lile alilolifanya halikuionja. Mwalimu alipokea simu mara moja tu.

"Sikuuliza habari za nguo ya mtu," akamwambia. "Nilikuuliza swali. Umelisahau?"

Mwalimu akakata, akarudi shule yake ya zamani, wakampa darasa la tatu lile lile.

Sijui ni nini kilimgeuza. Huenda ni meza tupu hatua kumi na nne kutoka kwake. Alimrudisha paka mwekundu juu ya kila mazungumzo, na siku ya kwanza malalamiko yakaingia mia sita na kumi. Umoja wa shule ukavunja mkataba. Tuzo ikadaiwa, akairudisha kwenye boksi. Msomaji hakuwepo, basi akakaa kwenye kiti cha Mwalimu akayasoma mwenyewe, siku kumi na moja, akiwapigia wazazi, akitukanwa na baadhi yao, na alistahili.

Siku ya kumi na mbili alikwenda shuleni. Watoto walikuwa wametoka, Mwalimu anasahihisha madaftari. Akaketi kwenye kiti cha darasa la tatu, magoti yakamfika kidevuni, soksi safari hii amevaa. Akasimulia yote: mia sita na kumi, mkataba, kwamba Kaka Mpole amefungiwa nje na jina lake lipo polisi. Mwalimu alimsikiliza huku kalamu nyekundu inatembea. Bwana akatoa kiboksi kidogo mfukoni, akakiweka juu ya daftari.

"Nioe," akasema kwa kuchanganyikiwa, kisha akajirekebisha. "Nikuoe. Utakubali?"

Mwalimu akavua miwani. Macho yalikuwa yamechoka, na mapenzi bado yalikuwamo, hilo silifichi. Akakisogeza kiboksi pembeni kwa kidole, asikifungue.

"Swali lako nimelisikia," akasema. "Langu lilitangulia."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja. Bwana Ngao akatazama viatu vyake, akatazama ubao, akafungua mdomo kuwataja watu wa ubunifu, akaufunga. Kisha akamtazama Mwalimu usoni.

"Nilijua," akasema. "Nilimhamisha mimi mwenyewe, Jumapili, ofisini hakukuwa na mtu."